MAJENGO MATUPU NA KAZI YA WATU WA MJI

(Maneno ya mfanyakazi mmoja wa reli, aliyoyasema mbele ya wanachama mjini Garissa. Yamechapwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika mkutanoni.)



  Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui kama mtapona kwa maneno yangu, lakini nimekuja na jambo moja ambalo sisi watu wa reli tumeliona kwa macho yetu katika miji mingi, nami naona lawahusu ninyi pia.

Najua wengine wenu mnajiuliza, mtu wa reli ana kazi gani Garissa, mji ambao haujapata kusikia honi ya gari la moshi? Ni kweli. Mwaka wa 2012 mpango wa bandari ya Lamu na njia zake ulizinduliwa, na katika ramani ya mpango ule imo reli ya kutoka Lamu kupita Garissa kwenda Isiolo. Bandari ilianza kazi Mei 2021. Reli ingali katika karatasi. Kwa hiyo sikuja kuuza tikiti.

Nimekuja kusema juu ya majengo matupu. Katika kila mji wa Kenya yako. Kuna nyumba ya serikali iliyofungwa kwa kufuli lenye kutu. Kuna bohari lisilo na mali, na soko lililojengwa kwa fedha nyingi lakini wachuuzi hawaingii. Jengo likikaa tupu, duka la jirani hupoteza wanunuzi, kisha nalo hufungwa. Taa za njiani huzimika na hakuna wa kuzidai. Akina mama huogopa kupita hapo jioni. Mtaa mzima hufa pole pole kwa sababu ya mlango mmoja uliofungwa.

Watu husema, Na lipakwe rangi, na mkubwa aje akate utepe. Ndugu zangu, jengo haliamki kwa rangi. Neno langu leo ni hili: jengo tupu huamka kwa mambo matatu. La kwanza, mtu apate kazi ndani yake. La pili, aifanye kazi hiyo kwa salama. La tatu, wale waliokuwa wakipata riziki au makao hapo wasifukuzwe kama mbuzi shambani. Likikosekana moja, tumejitaabisha bure.

YALIYOTOKEA HAPA KWENU

Tuanze hapa Garissa. Chuo Kikuu cha Garissa hakikuanzia katika majengo mapya. Mwaka wa 2011 kilianza kama tawi la Chuo Kikuu cha Moi, katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha walimu. Hayo ndiyo matumizi mapya ya majengo ya zamani. Kuta zilikuwapo, mabweni yalikuwapo, maji na njia zilikuwapo, na fedha ambazo zingechimba misingi zikaweza kwenda kwingine.

Kisha ikaja alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015. Sitasimulia msiba ule, maana ninyi mliokuwapo mwaujua kuliko mimi. Watu 148 waliuawa, walio wengi wakiwa wanafunzi. Chuo kikafungwa, na wanafunzi waliosalia wakapelekwa Eldoret kumalizia masomo yao.

Sasa tazameni jambo hili. Kuta za chuo hazikuanguka zote. Madawati yalibaki, ardhi ilibaki palepale. Lakini mpishi hakuwa na wa kumpikia. Mwenye vyumba vya kupanga alikaa na funguo mkononi. Kinyozi, mwenye bodaboda, mama muuza chai, mwenye duka la vitabu na karatasi, wote walikuwa wakila kwa sababu ya vijana wale. Miezi tisa mahali pale palikuwa na majengo bila watu, na mji ukaona maana yake.

Mwezi wa Januari 2016 milango ikafunguliwa tena. Wafanyakazi waliingia kwanza, kisha wanafunzi wachache, na kituo cha polisi kikawekwa ndani ya uwanja wa chuo. Tarehe 23 Oktoba 2017 chuo kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili, na ndicho chuo kikuu cha kwanza cha umma katika nchi hii yenu ya Kaskazini Mashariki. Waliokifufua ni watu waliokubali kurudi kazini mahali ambapo wenzao walikufa, na pia ulinzi uliowekwa ili waweze kurudi. Mlinzi wa lango, mwenye kufagia, karani na mwalimu wana sehemu yao katika hati ile, ijapokuwa majina yao hayakuandikwa.

Kisha tuwakumbuke walimu. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hii hii. Baadaye walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za Kenya walihamishwa, na shule nyingi za Garissa, Wajir na Mandera zikabaki na madarasa yasiyo na mwalimu. Darasa lina ubao, lina madawati, lina watoto mlangoni, na bado ni jengo tupu. Wengine waliwalaumu walimu. Mimi nasema, mfanyakazi hawezi kuambiwa achague kati ya mshahara na roho yake. Na tena watoto wa hapa wana haki ya kufundishwa. Dawa ni mambo mawili pamoja: kumlinda mwalimu aliyetoka mbali, na kuwafundisha vijana wa hapa ualimu kwa wingi, ili shule isimtegemee mgeni peke yake.

Mfano wa tatu ni wa Dadaab. Mwaka wa 2011, wakati wa ile njaa kubwa ya Somalia, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi walilala nje ya kambi, chini ya vijiti na matambara. Na karibu yao palikuwa na mahali palipokwisha kutengenezwa, Ifo 2, penye shule na matangi ya maji, napo pakiwa patupu. Palikuwa bado hapana ruhusa ya kupafungua. Ruhusa ilitoka mwezi wa Julai mwaka ule. Mwaka wa 2018 kambi ile ikafungwa, na baada ya ukame mkali wa juzi juzi ikafunguliwa tena kwa wakimbizi wapya. Kwa hiyo tusidhani kwamba kila jengo tupu limekosa fedha. Mara nyingi limekosa sahihi ya mtu mmoja katika ofisi.

TULIYOYAONA RELINI

Sasa niseme ya kwetu. Mwaka wa 2017 reli mpya ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi, na gari la moshi la zamani la abiria likaacha kwenda njia ile. Reli mpya ina stesheni zake, na nyingi zi mbali na miji. Stesheni za zamani zilikuwa katikati ya watu. Palipo na stesheni palikuwa na mama wa mahamri, mpagazi, hoteli ndogo na nyumba za wafanyakazi. Gari lilipoacha kusimama, hakuna aliyetangaza kwamba mtaa umekufa. Watu walihama mmoja mmoja, na popo wakaingia chumba cha stesheni masta.

Lakini tumeona pia yakifufuka. Reli ya kwenda Nanyuki ililala miaka mingi. Majani yaliota juu ya mataruma, na watu wakaweka vibanda juu ya njia. Mwaka wa 2020 ilitengenezwa na watu wa reli, wanajeshi na vijana wa NYS, na kabla ya mwaka kwisha gari la abiria likafika Nanyuki. Mwishoni mwa mwaka wa 2021 gari la abiria likarudi Kisumu. Stesheni zilizokuwa magofu zikapata paa, taa na karani.

Sisi tulifurahi. Walakini si kila mtu alifurahi, na chama cha wafanyakazi hakiwezi kusema nusu ya habari. Mwezi wa Februari 2021 nyumba za Wanubi wa Kibos, karibu na Kisumu, zilibomolewa kwa ajili ya ardhi ya reli. Wazee waliokaa pale tangu ujana wao walilala nje. Na kabla ya hapo, mwaka wa 2010, kule Muthurwa mjini Nairobi, nyumba zilizojengwa zamani kwa wafanyakazi wa reli zilianza kubomolewa huku watu wakiwamo ndani, na wengine wao walikuwa wazee wetu waliostaafu. Waliokaa pale walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka wa 2013 jaji akasema haki yao ya makao, iliyo katika Katiba ya 2010, imevunjwa, na akaagiza pande zote zikutane kupanga namna ya kuhama yenye utu.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye hatari. Wenye mali wakisema jengo ni tupu au mtaa umekufa, tuulize kwanza: Mtupu kwa nani? Mara nyingi ndani ya jengo "tupu" mna fundi cherehani, mna mlinzi na watoto wake, mna mama anayeweka vyombo vyake vya maziwa. Kalamu ya ofisini haiwaoni. Mtaa ukifufuka kisha wao wakaupata kwa kutazama tu kutoka ng'ambo ya barabara, huo si ufufuo.

Hapo Muthurwa pana funzo jingine. Mwaka wa 2008 soko kubwa lilifunguliwa ili wachuuzi watoke katika barabara za Nairobi. Wengi waliingia, na wengi wakarudi barabarani, maana mnunuzi hupita pale anaposhukia gari, hapiti pale mpangaji wa mji anapotaka apite. Kabla ya kuchagua jengo la soko, simameni mlangoni asubuhi moja, mhesabu watu wanaopita.

MIFANO YA MAJIRANI NA YA MBALI

Jirani zenu wa Lamu wana ngome ya zamani katikati ya mji. Ilikuwa gereza hata mwaka wa 1984. Kisha ikapewa Makumbusho ya Taifa, ikafanywa makumbusho, maktaba, na mahali pa mikutano na sherehe za watu wa mji. Ngome ya Mombasa, Fort Jesus, nayo ilikuwa gereza hata mwaka wa 1958, na ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka wa 1962. Mahali palipokuwa pa kumfunga mtu pakawa pa kumsomesha.

Unguja walilitengeneza jengo la forodha la zamani, na tangu mwaka wa 2002 vijana wakafundishwa muziki humo. Lakini Unguja hiyo hiyo ina habari ya huzuni. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka wa 1883, lilikaa na nyufa miaka mingi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka, wakati kazi ya kulitengeneza ilikuwa ikiendelea, na watu wawili walikufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na nasema zaidi: ukichelewa kuziba ufa, humwangukia fundi aliyetumwa kuuziba.

Hata Marekani jambo hili lipo. Mji wa Detroit, mji wa wafanyakazi wa motokaa, ulikuwa na stesheni kubwa ya gari la moshi iliyofunguliwa mwaka wa 1913. Treni ya mwisho iliondoka Januari 1988. Miaka thelathini jengo lile lilisimama likiwa na madirisha yaliyovunjwa, likawa mfano wa mji uliokufa. Mwaka wa 2018 kampuni ya Ford ililinunua, na Juni 2024 likafunguliwa kuwa mahali pa ofisi na mikutano. Lilifunguliwa bila treni. Mimi kama mtu wa reli ningependa kuiona treni, lakini nasema heri stesheni yenye watu bila treni kuliko stesheni yenye popo. Tena tukumbuke kwamba huko alikuwako tajiri mmoja wa kununua. Garissa hatuwezi kukaa tukimngoja tajiri.

KABLA YA KUSHIKA NYUNDO

Mambo haya ni ya usalama, nami naomba myashike sana.

Kwanza paa. Jengo hufa kuanzia juu. Bati likitoboka, mvua huingia katika mbao, mbao huoza, mchwa hufuata, na ukuta huanza kupasuka. Mwenye fedha kidogo na aanze na paa na mifereji ya maji, si rangi. Na karibu na Mto Tana kuna jambo jingine la kuuliza: maji ya mafuriko yalifika wapi? Mlioona mafuriko ya 2024, na njia ya Madogo ilivyokatika, mwajua kwamba jengo la mahali pa chini si zawadi.

Pili, asbesto. Nyumba nyingi za zamani za serikali na za reli ziliezekwa kwa mabamba ya rangi ya kijivu, mazito, yenye mawimbi kama mabati. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka wa 2006, lakini mapaa ya zamani bado yako. Likikaa zima halina madhara makubwa. Likivunjwa kwa nyundo au kukatwa kwa msumeno, hutoa vumbi lisiloonekana, linaloingia katika mapafu, na ugonjwa wake huweza kuja baada ya miaka ishirini au zaidi, wakati yule aliyekuajiri hata jina lako amelisahau. Kwa hiyo mwanachama asikubali kupanda juu ya paa hilo kwa kibarua cha siku moja. Kazi hiyo ni ya watu wenye kibali cha NEMA, wenye nguo na vifaa vya kuzuia vumbi. Nao huyalowesha mabamba kwa maji na kuyashusha yakiwa mazima. Wala msiyachukue mabamba yale kuezekea zizi la mbuzi au jiko. Mtakuwa mmeipeleka sumu nyumbani.

Tatu, bima. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Kibarua naye ni mfanyakazi. Kabla ya siku ya kwanza ya kazi, chama kiulize karatasi ya bima iko wapi.

KAZI YA CHAMA

Basi tufanye nini? Sikuja kuwapeni ndoto. Nina mambo manne yanayowezekana.

Moja: kila kamati ya mtaa, kila bulla, iandike orodha ya majengo matupu. Mwandike liko wapi, lina vyumba vingapi, paa la namna gani, maji yako au hayako, na ni nani anayelitumia sasa, hata kama ni mchuuzi mmoja anayekaa kivulini mwake. Jina la huyo liwe la kwanza katika orodha.

Mbili: tuulize kwa barua jengo ni la nani. Hatuendi kwa ngumi wala kuvunja kufuli. Katiba, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 yamtaka afisa ajibu katika siku 21, na kupeleka maombi hakuna ada. Wekeni nakala ya barua, na nakala hiyo igongwe muhuri wa ofisi siku ile ile mnapoipeleka. Wasipojibu, malalamiko yaende kwa Ombudsman. Barua yenye muhuri yashinda kelele za mkutano.

Tatu: tuseme twataka litumiwe kwa nini. Nimetembea mjini mwenu, nimewaona akina mama wanaouza maziwa ya ngamia juani. Katika joto hili maziwa hayangoji. Chumba kimoja chenye kuta nene, maji safi, na jokofu la umeme wa jua kingeokoa riziki ya wengi. Na jua la Garissa sina haja ya kuwaeleza, hata serikali ilijenga hapa mtambo mkubwa wa umeme wa jua ulioanza kazi mwaka wa 2019. Chumba cha pili kiwe cha watoto wadogo wa wafanyakazi, ili mama asimfunge mtoto nyumbani. Chumba cha tatu kiwe darasa la ngumbaru jioni, na darasa la ufundi kwa vijana. Na pembeni pawe na meza ya chama, mahali pa mfanyakazi kuleta shauri lake. Hivyo vyote vyaweza kukaa katika nyumba moja ya zamani.

Nne: mapatano yaandikwe kabla ya kazi kuanza. Vijana wa mtaa wapewe kazi kwanza, kwa ujira wa haki. Anayelitumia jengo leo apewe nafasi yake ndani, au mahali pengine penye wanunuzi. Na kodi isipandishwe siku ya pili baada ya rangi kukauka. Mambo haya na yasemwe katika baraza la kaunti linaloita maoni ya wananchi kabla ya bajeti. Baraza hilo ni haki yetu, lakini mara nyingi viti vyake hujazwa na watu waliolipwa nauli kuja kupiga makofi. Na sisi tuende, kwa nauli zetu wenyewe.

Ndugu wanachama, mwenye mali ana fedha, afisa ana muhuri, nasi tuna hesabu yetu na mikono yetu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu mmoja akiuliza habari za jengo huitwa mchochezi, lakini wanachama mia wakiuliza huitwa wananchi.

Basi nawaomba, Bwana Mwenyekiti akikubali, mkutano ujao kila mjumbe aje na karatasi moja yenye jengo moja la mtaa wake, na jina la yule anayelitumia sasa likiwa juu. Tutaanza na hilo.

Nimekwisha. Kama kuna maswali, na yaulizwe. Na wale wenye kazi ya usiku wapewe nafasi ya kwanza, wasije wakachelewa zamu.